Kufomati Si Dawa



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nipate kusema neno juu ya ile kompyuta kuukuu iliyoko stoo, nyuma ya maktaba, pamoja na sanduku lake la disketi. Imesemwa kwamba kompyuta ile ina virusi, na kwamba kabla ya mwisho wa mwaka itapelekwa mjini Arua kwa fundi ili ifomatiwe, kisha apewe ye yote atakayeitaka. Na disketi zote zichomwe moto pamoja na takataka za jikoni, zisije zikaambukiza mashine mpya. Wengi wameafiki. Mimi siafiki. Shauri hilo lina kasoro mbili: kwanza halitauondoa ugonjwa, na pili litaondoa kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Wenzangu wengi hawajui kilichomo ndani ya sanduku lile. Si michezo. Ni orodha za wanafunzi, mwaka baada ya mwaka, alizoziandika karani wa wakati ule, na ndani yake pia yamo matoleo ya gazeti hili hili yaliyopigwa chapa kwa mashine ile. Daftari za karatasi za miaka hiyo zilikuwako, lakini mchwa wa West Nile twawajua. Na miaka yenyewe haikuwa miaka ya kawaida. Katika miaka ya 1990 vikundi vya waasi vilikuwa vikivizia barabara zetu, mpaka serikali ilipopatana na UNRF II mwezi wa Desemba 2002. Watoto walikuja shule katikati ya muhula na kuondoka katikati ya muhula, wengine wakitoka ng'ambo ya mpaka, Sudani, wengine wakienda huko. Mtu wa namna hiyo hana kadi ya ripoti wala picha ya darasa. Ana jina lake tu katika orodha, kama orodha ipo.

Muhula uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Koboko, mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Aliomba barua fupi ya kuthibitisha kwamba alisoma hapa hadi Senior Three. Alipewa kiti na chai, akatafutiwa jina lake katika kabati, halikuonekana. Aliambiwa kwa adabu kwamba haiwezekani kuandika barua bila ushahidi, naye akashukuru kwa adabu, akarudi Koboko kwa teksi ya jioni. Ushahidi wake huenda ulikuwa hatua thelathini kutoka pale alipokunywa chai. Siwezi kuapa kwamba umo. Lakini tukizichoma disketi zile, hakuna atakayeweza kuapa milele.

Sasa niueleze ugonjwa wenyewe, maana watu huogopa zaidi kitu wasichokijua. Mwenzetu mmoja aliiwasha mashine ile akiwa ameiacha disketi ndani ya tundu lake, ikaandika kwenye kioo, kwa Kiingereza, kwamba kompyuta sasa imelewa bangi. Wadogo zetu wa Senior One waliokuwa dirishani wakatawanyika, na kabla ya chakula cha jioni habari ilikuwa imeenea kwamba stoo ina mashetani. Hakuna shetani. Kirusi hicho chaitwa Stoned, maana yake aliyelewa, kilianzia mji wa Wellington, New Zealand, mnamo mwaka 1987, nacho ni mmoja wa ukoo mzima uitwao virusi vya sekta ya kuwashia.

Kompyuta ikiwashwa haina akili yo yote isipokuwa ile kidogo iliyotiwa ndani ya chipu yake, iitwayo BIOS. Hii hujikagua, huhesabu kumbukumbu yake, kisha hutazama kama kuna disketi katika tundu la A. Ikiikuta, husoma sekta ya kwanza ya disketi hiyo, yaani baiti 512 tu, pungufu kuliko herufi za aya hii unayoisoma. Huzitia katika kumbukumbu na kuanza kuzitii, bila kuuliza zimetoka kwa nani. Isipoikuta disketi, husoma sekta ya kwanza ya diski kuu iliyo ndani na kuitii vivyo hivyo. Kirusi huihamisha sekta ya asili mahali pengine, nacho hujikalisha pale mlangoni. Kwa hiyo hutangulia kuamka kabla ya programu nyingine zote, hujificha katika ncha ya juu ya kumbukumbu, kisha huiita ile sekta ya asili iendelee na kazi yake, na mtumiaji haoni tofauti. Tangu hapo kila disketi itakayotiwa ndani kusomwa yaweza kuandikiwa ugonjwa.

Watu hudhani kwamba disketi isiyo na programu haiwezi kuambukiza. La hasha! Kila disketi ina sekta ya kwanza, hata kama ndani yake mna barua moja tu ya kumwomba mjomba karo. Mashine ikiwashwa na disketi hiyo ndani, itaandika kwamba disketi hii si ya kuwashia, iondoe ubonyeze kitufe. Nawe utaiondoa, utabonyeza, utaendelea na kazi yako. Lakini wakati maneno hayo yanaonekana, kirusi kimekwisha vuka zamani.

Na hapa kwetu kirusi kilipata msaidizi ambaye watu wa Wellington hawakumjua sana. Swichi ya mashine za zamani hubaki imebonyea. Umeme ukikatika na kurudi, mashine hujiwasha yenyewe. Kabla ya Nyagak kuanza kutoa umeme mwaka 2012, mji wa Arua uliishi kwa jenereta, na kila mtu mzima wa hapa aweza kukueleza jinsi umeme ulivyokuwa. Basi mfikirie karani wetu: anaandika majina, disketi imo ndani, umeme wakatika, yeye aenda zake kunywa chai. Umeme ukirudi mashine yaamka peke yake, na kitu cha kwanza inachokikuta ni disketi. Hakufanya kosa lo lote yule karani. Alikunywa chai tu.

Ukoo huu una wakubwa wake. Wa kwanza kuenea katika kompyuta za namna ya IBM aliitwa Brain, wa mwaka 1986, kazi ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao, ajabu ya dunia, walitia ndani yake majina yao, anwani ya duka lao na nambari za simu. Baada ya Stoned akatokea mtoto wake Michelangelo, aliyejulikana mwaka 1991, naye hakuwa na mzaha: mashine ikiwashwa tarehe 6 Machi, siku aliyozaliwa mchoraji yule wa Italia, kirusi huandika takataka juu ya mwanzo wa diski na kuharibu yaliyomo. Mwezi wa Machi 1992 magazeti ya dunia yalitangaza kwamba mamilioni ya kompyuta yangekufa. Zilizokufa zilikuwa maelfu tu. Form naye, kila tarehe 18 ya mwezi, alizifanya funguo za taipu zilie kila zikiguswa. Stoned wetu hana siku ya kuua. Lakini si mwema kwa hiyo: anapoihamisha sekta ya asili ya disketi, katika disketi za vipimo vingine huiandika juu ya sehemu ya orodha ya mafaili, na mafaili yaliyotajwa katika sehemu hiyo hayaonekani tena kwa njia ya kawaida. Kwa sababu hiyo nasema hata kuliacha jambo hili likae stoo miaka mingine kumi si shauri jema.

Nije kwa fundi wa mjini. Simtaji jina wala duka, na wala si yeye peke yake. Kutoka Arua hadi Koboko, ukipeleka mashine yenye ugonjwa wo wote utaambiwa neno moja: kufomati. Neno hili limekuwa kama klorokwini ya zamani, iliyotolewa kwa homa, kwa kichwa na kwa huzuni. Nimejiuliza kwa nini watu huliamini hivi, nami nadhani sababu yake ni kwamba kwa disketi ni kweli. Ukiifomati disketi, sekta yake ya kwanza huandikwa upya, na kirusi hufa. Watu wakaona, wakasadiki, wakaipeleka dawa ile ile kwa diski kuu.

Lakini diski kuu si disketi kubwa. Sekta yake ya kwanza kabisa iko nje ya sehemu zote. Ndani yake mna maagizo ya kuwashia na jedwali dogo linaloonyesha kila sehemu yaanzia wapi na kuishia wapi. Amri ya FORMAT hufanya kazi ndani ya sehemu iitwayo C, na haigusi sekta hiyo. Ni kama kufagia nyumba zote za boma, kutupa vyombo vyote nje na kupaka kuta chokaa, hali mwizi mwenyewe ndiye aliyekaa langoni na funguo mkononi. Fundi atafomati, atachukua fedha zake, majina yote yatafutika, na Stoned atairudia kazi yake jioni ile ile.

Dawa ya kweli ni ndogo, nayo haifuti jina hata moja. Yatakiwa disketi moja safi ya kuwashia, ya DOS ya tano au zaidi, iliyotengenezwa katika mashine isiyo na ugonjwa, na kile kidude chake cha plastiki kisukumwe mpaka tundu liwe wazi. Tundu likiwa wazi, mashine haiwezi kuandika kitu juu ya disketi hiyo. Hili si ombi kwa programu, ni kizuio cha chuma na waya, na kirusi hakina hoja ya kukishinda. Kompyuta izimwe kabisa kwa swichi. Kubonyeza zile funguo tatu za kuianzisha upya hakutoshi, kwa kuwa wako virusi wanaovumilia. Hesabu hadi thelathini, tia disketi safi, washa.

Hapo ndipo pa kutulia. Kabla ya amri nyingine yo yote, andika DIR C: na utazame. Ukiyaona mafaili yako, jedwali la sehemu ni zima, na waweza kuendelea. Usipoyaona, acha mara moja! Yuko kirusi aitwaye Monkey, naye ni Tumbili kweli, ambaye hulificha jedwali lenyewe kwa mafumbo. Wakati yeye yu macho diski huonekana, akilala haionekani. Ukimwondoa kwa haraka waondoa na ufunguo wa nyumba. Kwa Stoned wetu sitegemei shida hiyo, lakini anayetibu bila kupima ni mchawi, si daktari.

Yakionekana, kwanza yanakiliwe mahali pengine. Kisha iandikwe FDISK /MBR, ambayo huandika upya maagizo ya sekta ya kwanza na kuliacha jedwali kama lilivyo. Kama ugonjwa ungekuwa Form, ambaye hukaa katika sekta ya kwanza ya sehemu ya C yenyewe, amri ingekuwa SYS C:, kwa disketi ya DOS ya namna ile ile iliyomo katika diski. Baada ya hapo zima, washa bila disketi, andika CHKDSK, usome hesabu ya kumbukumbu. Mashine safi ya namna hii yapaswa kuonyesha baiti 655,360. Stoned akiwamo huonyesha 653,312, kwa kuwa amejikatia kilobaiti mbili za kulalia. (Ziko mashine ambazo hujiwekea kilobaiti moja kwa kazi zao wenyewe, basi upungufu mdogo si ushahidi wa kutosha kumfunga mtu.)

Kazi kubwa ni disketi, si kompyuta. Mtu akiitibu mashine na kuliacha sanduku, atakuwa amejisumbua bure; disketi moja iliyosahauliwa na umeme mmoja uliokatika vyatosha kuanza upya. Kila moja ifunguliwe tundu lake kwanza, isomwe, mafaili yake yanakiliwe kwa COPY. Isitumiwe DISKCOPY, kwa maana hiyo hunakili sekta kwa sekta na ugonjwa ukiwamo. Mafaili yenyewe hayana kirusi, kwani Stoned hakai ndani ya barua wala orodha. Wala mashine mpya za maabara hazimo hatarini: kusoma faili kutoka disketi yenye ugonjwa hakuambukizi, kinachoambukiza ni kuiwasha mashine kwa disketi hiyo. Yakisha kunakiliwa mara mbili na kusomwa na macho ya mtu, hapo disketi zitakazotumiwa tena zifomatiwe, nami sitapinga neno hilo.

Wako watakaosema, haya ni mambo ya babu zetu, kompyuta za leo haziwaki kwa sekta hiyo, zina UEFI, na nyingi hukagua saini kabla ya kutii. Ni kweli. Lakini mwezi wa Septemba 2007 kampuni ya Medion iliuza katika maduka ya Aldi, Ujerumani na Denmark, kompyuta mpya za kubebeka zenye Windows Vista, na ndani yake akaonekana Stoned.Angelina, mjukuu wa Stoned wetu, aliyejulikana tangu mwaka 1994. Programu ya kukinga virusi iliyokuwamo ilimtambua, isiweze kumwondoa. Wazungu wenye viwanda walikuwa wamemsahau. Na sekta ile ya kwanza haikuachwa na wabaya wa siku hizi. Mwezi wa Agosti 2012 Shamoon aliifuta katika kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya alitoka Ukraina akaizuia kampuni ya meli ya Maersk isijue makontena yake yako wapi, naye pia aliingia kwa mlango ule ule wa kuwashia. Anayetaka kuielewa habari hiyo hana mwalimu mwepesi kuliko mashine yetu ya stoo, ambayo ugonjwa wake mzima waweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari.

Ama hofu ya kuambukizwa, sisi wa West Nile hatukustahili kufundishwa na mtu. Malale yalitusumbua Arua, Maracha, Koboko na Yumbe miaka mingi. Mgonjwa wa malale ya huku huweza kutembea miezi mingi, hata miaka, akilima na kucheza ngoma, na ugonjwa umo katika damu yake. Kama vile mashine yenye Stoned. Watu hawakuchoma vijiji. Walipima damu, wakawatibu wenye ugonjwa, na tangu mwaka 2011 wakasimamisha vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa kandokando ya vijito, mbung'o akitua afe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale ya namna hii si tatizo tena la afya ya umma katika Uganda. Kitambaa cha buluu, ukikitazama, ni kitu cha kuchekesha. Mtu aweza kudhani ni leso ya mtoto. Vivyo hivyo tundu lililo wazi katika disketi.

Ninaomba mambo matatu. Kwa wakubwa wa shule, kwamba amri ya kuchoma iahirishwe hadi mwisho wa muhula ujao, na fedha zilizotengwa kwa fundi zinunue kisomeo cha disketi cha kuchomekwa kwa USB. Ni kitu kidogo, huingia mfukoni. Kwa wanafunzi wa zamani, hasa ninyi mliofanya kazi katika ofisi za Arua na Koboko miaka ile: tazameni katika masanduku yenu, kama mna disketi ya DOS isiyowahi kutoka katika karatasi yake, tuleteeni. Na ninyi mliosoma hapa kabla ya 2002, tuandikieni majina yenu na mwaka mlioingia, ili tupate kulinganisha na yatakayosomeka.

Kwa wenzangu wa Senior Five, ambao mwakani mtashika ufunguo wa maabara sisi tukiwa tumekwisha kwenda: nimeandika hatua zote hizi kwa kalamu katika daftari la kijani lililotundikwa nyuma ya mlango. Disketi tano za juu tayari zimefunguliwa matundu. Zilizobaki ni arobaini na tatu.

Mimi,
Mwanafunzi wa Senior Six